Pata Kibali kwa Kibali Kidogo

Njoo karibu, nikwambie bila kupaza sauti. Lugha ya watu wa kisiwa cha Bali, kule Indonesia, tunaiita Kibali, na katika Kiswahili neno hilohilo ni ruhusa, na ni kukubalika mbele ya watu. Basi kazi yetu ni moja: upate kibali kwa Kibali, na usitoe jasho kuliko inavyolazimu. Huna miaka mitano ya kukaa darasani. Una tiketi ya ndege, au una mchumba kutoka Denpasar, au unataka tu kutamka maneno mawili mezani shingo zigeuke. Sababu zote ni halali, sikuulizi. Kila mtu anapenda kusifiwa.

Siri yenyewe ni hii: achana na vitenzi. Kitenzi cha Kibali kimewabishanisha wanaisimu miaka mingi kuhusu nani hasa ndiye kiima cha sentensi, na wewe huna haja ya kuwaamulia. Shika kirai nomino, yaani nomino na vijukuu vyake: ile nyumba kubwa, kitabu changu, kuku watatu. Mtu anayesema "ile nyumba kubwa ya Wayan" bila kukwama hudhaniwa anajua na mengine yote. Vitenzi utavionyesha kwa mkono.

Hatua ya 1: Ziache ngeli uwanja wa ndege

Wewe umelelewa na ngeli. Ukisema "vitabu vile vikubwa vyangu viwili vimeanguka", umekipigia kiambishi kimoja ngoma mara sita, na hukufikiri hata mara moja. Mgeni anayejifunza Kiswahili analia hapo. Wewe unayekwenda Bali unacheka, kwa sababu kule hakuna upatanisho wa namna hiyo. Buku ni kitabu, na buku ni vitabu. Hakuna jinsia ya kike na ya kiume katika nomino, hakuna umoja na wingi wa lazima. Wingi ukikubana, tanguliza liu, yaani "nyingi": liu umah, nyumba nyingi. Au rudia neno: umah-umah. Umemaliza.

Mpangilio nao ni wa nyumbani kwetu, nomino mbele na sifa nyuma: umah gedé, nyumba kubwa. Gedé haitabadilika hata ukiipeleka kwa mbwa, kwa mlima au kwa mashua.

Nomino mbili zikikutana, ziweke tu bega kwa bega. Sisi tunatafuta kiunganishi, maji ya, jani la, mti wa. Wao wanasema yéh nyuh, maji nazi, na don biu, jani ndizi. Tena watu hawa wanajua kutofautisha nazi na dafu kama mtu wa Pemba: nyuh ni nazi, kuwud ni dafu. Taifa linaloweka maneno mawili kwa jambo hilo unaweza kuliamini.

Hatua ya 2: Piga -é bila haya

Hiki ndicho kiambishi kitakachokulisha. Nomino ikiishia kwa konsonanti, ongeza -é: umah, umahé; siap (kuku), siapé; pipis (pesa), pipisé. Ikiishia kwa irabu, ongeza -né: meja, mejané, buku, bukuné. Maana yake ni "kile tunachokijua mimi na wewe". Umah ni nyumba yoyote duniani. Umahé ni ile tuliyokuwa tunaisema. Sisi kazi hiyo huwapa "ile" na "hiyo", au tunamwachia msikilizaji aelewe mwenyewe. Wao wana silabi moja, na inafanya kazi usiku na mchana.

Kitu kikiwa mbele yenu nyote wawili, kipe -é. Kikitajwa mara ya pili, kipe -é. Ukitaka kukionyesha kwa kidole, kipe -é kisha weka kionyeshi nyuma yake: umahé ené, nyumba hii, umahé ento, nyumba ile. Mbele ya mtu wa kuheshimiwa, ené inageuka kuwa niki, na ento inageuka kuwa nika. Yenyewe -é haigeuki. Haijui cheo, hushikamana na neno la mfalme na la mchunga bata kwa namna ileile, na ndiyo maana nimekuambia uipende.

Pako mahali pamoja pa kujikwaa. Umahé gedé si "ile nyumba kubwa". Ni sentensi nzima: nyumba ni kubwa. Wao hawana "ni" ya lazima, kwa hiyo ukishaifunga nomino kwa -é, sifa inayofuata inakuwa taarifa. Ukitaka kirai, pachika ané katikati: umahé ané gedé, nyumba ile iliyo kubwa. Ané ni "amba-" yao isiyobeba mzigo. Hakuna ambaye, ambacho wala ambazo. Kwa heshima inakuwa sané.

Na ukiisahau? Usijirekebishe. Umetoa sentensi sahihi kabisa. Itazame nyumba, tikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyekusudia kuisifu. Mwenye nyumba atafurahi zaidi kuliko angefurahia kirai.

Hatua ya 3: Miliki vitu vya watu kwa uangalifu

Hapa herufi moja inahamisha mali. Umahé ni ile nyumba. Umahné ni nyumba yake. Neno likiishia kwa irabu hatari inaongezeka, kwa sababu bukuné ni kile kitabu, na bukunné ni kitabu chake. Tofauti ni n ya pili. Ibane kidogo, kama unavyoibana unaposema "nne". Wazungu wengi hawawezi kabisa. Wewe unayo tangu utotoni, itumie uringe.

Ukiona unababaika, mtaje mwenye mali: umahné I Wayan. Neno kwa neno ni "nyumba yake Wayan", na hivyo ndivyo bibi yako angesema pwani. Hakuna atakayebisha.

Yako wewe iko hivi. Mimi ni tiang, kwa adabu ya kawaida. Nyumba yangu: umah tiangé. Tazama -é ilivyoruka. Imeiacha nyumba ikaenda kukaa mwishoni kabisa, juu ya "mimi". Nomino ikiishia kwa irabu, inadai n ndogo ya kuishonea: bapa ni baba, bapan tiangé ni baba yangu. Bukun tiangé, kitabu changu. N hiyohiyo ndiyo iliyomo ndani ya punyan nyuh, mnazi. Mwanzoni ilikuwa punya, mti. Ukiisahau utaeleweka. Ukiikumbuka utaulizwa umekaa Bali miaka mingapi, na swali hilo ndilo tulilolitafuta tangu asubuhi. Jibu kwa tabasamu, usitaje tarakimu.

Hatua ya 4: Majina yako manne, na mengine uyakwepe

Jina la mtu wa kawaida hutanguliwa na kineno: I kwa mwanamume, Ni kwa mwanamke. I Wayan, Ni Wayan. Jina lenyewe linaonyesha zamu ya kuzaliwa. Wa kwanza ni Wayan, au Putu, au Gede. Wa pili ni Made, au Kadek, au Nengah. Wa tatu ni Nyoman au Komang. Wa nne ni Ketut. Wa tano? Mzunguko unaanza upya, Wayan tena. Ukiwajua hao umeshafahamu jina la nusu ya watu utakaokutana nao siku ya kwanza, na hujamuuliza mtu.

Kineno hicho I kina uwezo wa kupendeza. Ukikiweka mbele ya sifa au mnyama, unapata mtu. Belog ni mjinga. I Belog ni Mjinga mwenyewe wa hadithi za jioni, kama Abunuwasi aliyekosa akili. Lutung ni nyani mweusi wa msituni. I Lutung ni mhusika, anagombana na I Kekua, kobe, mbele ya watoto waliokaa mkekani. Kwa hiyo ukitaka kumchekesha mtoto wa mwenyeji wako, mpe paka wao cheo cha I. Wazazi watakusikia hata kama wako jikoni.

Mtu akishapata mtoto, kijijini huitwa kwa mtoto: Pan Fulani, baba wa fulani, Men Fulani, mama wa fulani. Hapo umefika nyumbani, Baba Asha, Mama Juma. Wazazi mashuhuri kuliko wote katika hadithi zao ni Pan Brayut na Men Brayut, waliokuwa na watoto 18, na utawaona wamechongwa na kuchorwa mahali pengi, mama amesongwa na watoto kila upande.

Ukisahau jina la mtu, usihangaike. Mwanamume anayekuzidi kidogo mwite Bli, kaka. Mwanamke mwite Mbok, dada. Ni mlango unaofunguka karibu kila mahali. Ila jina likianza na Ida Bagus, Ida Ayu, Anak Agung au Cokorda, vyeo vya watu wa tabaka la juu, nyamaza kwanza, uvute pumzi, uende hatua ya 6.

Hatua ya 5: Hesabu kidogo, ununue kidogo

Namba zinazotangulia neno la kipimo huongezewa ng: dua inakuwa duang, telu inakuwa telung. Papat, nne, inakuwa petang. Siku tatu ni telung dina, siku nne petang dina. Kuku na wanyama huhesabiwa kwa ukud: siap telung ukud, kuku watatu. Vitu virefu vyembamba kama kalamu huhesabiwa kwa katih. Watu nao wana namna zao. Dawa ni kununua kimoja kimoja: siap aukud, kuku mmoja. Unaweka a- mbele, basi. Ukitaka watatu, rudi dukani mara tatu. Kila safari utasema jambo lilelile kwa ufasaha unaoongezeka.

Ukitaka kuwashtua, jifunze selaé, 25, na seket, 50, na satak, 200. Ni maneno yasiyojengwa kwa makumi jumlisha nini; yamekaa peke yake kama visiwa. Mgeni anayetoa selaé mdomoni hapunjwi bei.

Hatua ya 6: Hapa usikwepe

Mpaka sasa nimekufundisha kupita njia za panya. Sasa tumefika barabara kuu, na nataka uitembee yote, kwa sababu hapa ndipo Kibali kilipo.

Sarufi ya kirai nomino cha Kibali ni nyepesi, umeiona. Tumeimaliza kabla chai haijapoa. Uzito wote wameuhamishia kwenye nomino yenyewe. Sisi tuna "shikamoo", neno moja la kumwinamia mkubwa, tukishalitoa tunaendelea na maneno yaleyale ya kila siku. Wao wameitawanya shikamoo hiyo ndani ya kamusi nzima. Kwa vitu vingi unavyovigusa kutwa, kuna neno la kawaida na neno la heshima, linaloitwa alus, na kwa mambo yanayomhusu mtu mwenyewe, kama jina lake, mwili wake, chakula chake na watoto wake, kuna maneno matatu au zaidi.

Maji ni yéh, kwa heshima toya. Nguruwe céléng, kwa heshima bawi. Mbwa cicing, kwa heshima asu. Njia ni jalan au margi, ua ni bunga au sekar, pesa ni pipis au jinah. Wali ni nasi. Ukimkaribisha mtu wa heshima unakuwa ajengan. Kubwa ni gedé, kwa heshima ageng, na liu ya kule mwanzo inakuwa akéh. Hayo tisa yaandike kwenye kiganja. Mholanzi Herman Neubronner van der Tuuk alikwenda kaskazini mwa Bali mwaka 1870, akakusanya maneno ya Kibali na ya Kikawi, yaani Kijava cha kale, mpaka alipofariki mwaka 1894, na kamusi yake ikatoka kwa juzuu nne kati ya 1897 na 1912, yeye akiwa kaburini. Wewe una wiki mbili. Tisa yanatosha kuanzia.

Tena nakupa zawadi. Kama una Kiindonesia kidogo, umeshapewa alus ya bure. Kuku kwa Kiindonesia ni ayam. Kwa Kibali cha kawaida ni siap, na ayam ndilo neno la heshima. Mkono ni tangan kwa Kiindonesia. Kibali cha kawaida kinasema lima, neno hilohilo la tano, vidole vyako ukivitazama utajua kwa nini, na tangan ndilo la heshima. Tatu ni telu, kwa heshima tiga, ambayo kwa Kiindonesia ni tatu ya sokoni. Ukikwama, toa neno la Kiindonesia kwa sauti ya upole. Halifai kila mara. Linafaa mara nyingi kuliko unavyostahili.

Lakini kuna kosa moja ambalo tabasamu halitaliokoa, nalo ni kujipandisha. Mwulize mtu mtoto wake kwa oka, neno la juu. Wako mwenyewe ni pianak, neno la kujishusha. Panak ni la kawaida, kati ya marafiki. Jina lake yeye ni peséngan; lako ni wasta; adan ni la vijiweni. Ukisema "oka" kwa mwanao, umemvika taji mtoto wako mbele ya wenye mataji, na chumba kizima kitasikia. Watu hawatakusema, ni waungwana. Watatazama chini tu, na ule ukimya utaukumbuka mpaka kwenye ndege.

Kwa hiyo shika kanuni ambayo mzee yeyote wa Lamu au Bagamoyo angekupa bila kufungua kitabu: cha mwenzako kiwe juu, chako kiwe chini. Hujui cheo chake? Anza juu, kisha umsubiri. Watu wawili wasiojuana Bali hupimana kwa adabu kabla maneno hayajachanganya. Neno lao la heshima la kuketi, linggih, ndilo pia la nafasi ya mtu katika jamii. Mgeni anayeanza juu hushushwa kwa upendo. Anayeanza chini hakuna wa kumpandisha.

Nitakuambia kwa nini hili naling'ang'ania. Wabali wengi vijana wenyewe wanaiogopa alus. Wanahofia kuchagua nomino ya chini mbele ya mtu wa juu, basi wanakimbilia Kiindonesia, ambako mtoto ni anak kwa kila mtu na hakuna wa kukwazika. Hofu hiyo imeila lugha kuliko shule ilivyoila. Serikali ya jimbo ilitoa kanuni namba 80 ya mwaka 2018 ya kuilinda lugha, maandishi na fasihi ya Kibali. Alhamisi ofisi na shule zinatakiwa kuongea Kibali, na kila Februari tangu 2019 kuna mwezi wa lugha hiyo. Ni jambo jema. Lakini kijana anayemsikia mgeni kutoka Mombasa akichanganya toya na yéh na bado anachekewa kwa upendo, naye anapata ujasiri wa kujaribu. Makosa yako yana kazi. Yafanye kwa sauti.

Hatua ya 7: Kaa kibandani

Sasa nenda kwenye warung, kibanda cha chakula, asubuhi, kabla ya umati. Usiende mgahawa wa watalii. Kule menyu itakujibu kwa Kiingereza. Mama muuzaji amefunika masufuria kwa jani la mgomba. Sema nasi abungkus, wali kifurushi kimoja, a- yako ikiwa mahali pake. Onyesha kuku: siapé niki. Umechanganya neno la kawaida na kionyeshi cha heshima, na kwa kibandani ni sawa kabisa. Hakuna anayemwinamia kuku.

Atakutazama. Atauliza unatoka wapi, halafu atauliza habari za watoto, na katika swali lake litakuwamo oka. Usilirudie. Najua ulimi utawaka kulirudia, kwa sababu ndilo neno ulilolisikia sasa hivi. Sema pianak tiangé, kisha onyesha kwa vidole wako wangapi na kimo chao.

Akikusahihisha neno, lirudie pale pale, papo hapo, kama alivyolitamka, ukiwa na -é yako mkiani. Akikuongezea kipande cha kuku ambacho hukukiomba, sema suksma, ahsante, uanze kula.